Kilo Moja ya Misumari

Anayetaka misumari ya bati aje kwangu, asijisumbue kushuka Same. Iko barazani chini ya benchi, debe zima. Nimeolewa katika nyumba hii mwaka wa thelathini na sita sasa, na nitasema bila kuona haya: sijaona nyumba iliyopata misumari mingi na mikono michache kama hii yangu.

Mume wangu ni Tumainieli. Huyo pale, anayepunguza majani makavu kwenye migomba, mpole kama mzee wa kanisa. Si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mbele nitamsema sana. Hanywi, hajawahi kunipiga, na kama alikuwa na nyumba ndogo mjini basi huyo mwanamke alikuwa na subira ya Ayubu, maana Tumainieli hata soksi anaishona mara tatu kabla ya kununua nyingine. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi pale Same mjini, tangu mtoto wetu wa kwanza, Fredrick, yuko darasa la pili, mpaka alipostaafu mwaka juzi. Miaka ishirini na miwili anapima misumari! Mkono wake ulikuwa mizani. Anachota, anaimwaga kwenye sahani ya mizani, mshale unasimama kwenye kilo. Wateja walikuwa wakimjaribu kwa utani na hawakumpata hata siku moja.

Yeye mjini, mimi huku juu milimani, kupita Mbaga, ambako gari ya kushuka Same ni moja, asubuhi, na ukiikosa umeikosa. Huku nyumba haipauliwi na fundi mmoja. Inapauliwa kwa msaragambo. Zamani lilipigwa baragumu, siku hizi mwenyekiti wa kitongoji anaandika kwenye grupu la WhatsApp: Jumamosi twendeni kwa fulani, kila kaya itoe mtu. Wanaume wanapanda juu na nyundo zao, wanawake tunabeba maji na kupika makande, na ikifika jioni mwenzenu ana paa. Mwenye nyumba anatoa chakula tu. Hakuna anayelipwa, na hakuna daftari la nani alikuja na nani hakuja. La nini, wakati kila mtu anakumbuka?

Sasa Tumainieli alikuwa hapandi. Jumamosi ndiyo siku ya mauzo, alisema, tajiri wake hawezi kumwachia. Basi kila nyumba iliyopauliwa huku alituma kilo moja ya misumari, imefungwa vizuri kwenye gazeti. Anampa dereva, dereva ananipa mimi, mimi naipeleka na ndoo yangu ya maji kichwani. Miaka yote hiyo. Hata Jumamosi alizokuwa likizo, amekaa hapa barazani anasikiliza redio, alinipa kilo ya misumari nimpelekee mtu ambaye nyumba yake unaiona kutoka hapa.

Nilimwambia. Mungu ni shahidi yangu, nilimwambia. "Baba Fredrick, watu hawataki misumari, wanataka wakuone juu ya paa."

Akacheka. "Mama Fredrick, nyumba inashikwa na msumari, haishikwi na kelele za watu."

Na watu walipokea. "Mwambie Tumainieli asante sana, ana moyo." Walisema hivyo, tena kwa tabasamu. Mimi nikadhani yamekwisha, nikadhani kichwa changu na ndoo yangu vinahesabiwa kwa niaba ya nyumba nzima. Nilijidanganya mchana kweupe.

Mimi si wa huku. Kwetu ni Ngujini, Ugweno, na nilipoletwa sikujua Chasu, Kipare cha huku, hata neno la kuombea chumvi. Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Asteria. Kuna akina mama wakwe ambao ni mtihani. Huyu alikuwa mama. Tulikaa naye wawili ndani ya nyumba hii, mwanawe mjini, tukilima, tukichambua maharage, tukigombana kidogo na kupatana kabla chai haijachemka. Nilipojifungua Fredrick yeye ndiye aliyeshika mkono wangu, na baba mtoto, siku hizo bado kibarua huko mjini, alifika mwisho wa mwezi.

Bati za nyumba hii aliziweka marehemu mumewe mwaka sabini na tisa. Mpaka juzi zilikuwa zimeliwa na kutu, ukiwa kitandani unahesabu nyota. Mvua ikinyesha tunaweka sufuria hapa, beseni pale, na Mama Asteria, mwenye miaka themanini na sita na kifua kibovu, tunamsogeza na kitanda chake kama mtu anayecheza bao. Hakulalamika. Alikuwa na neno moja tu, na alilisema mara nyingi mpaka likawa kama sala: "Sitaki kufia hospitali, wala sitaki kufia jikoni kwenye moshi. Nataka kufia chumbani kwangu, pakavu." Ndilo alilotaka duniani, jamani. Chumba kikavu.

Na mwanawe alisikia. Hapo nampa haki yake. Alipopata mafao yake hakununua pikipiki, hakununua shamba. Alinunua bati mpya, gauge ishirini na nane, na mbao za papi za kupigilia hizo bati, akazipandisha na Canter mwezi wa kumi, kabla ya vuli. Alipozishusha alizigonga kwa kidole moja moja, uso unamng'aa kama bwana harusi. "Mama, utalala pakavu," akamwambia. Mama Asteria akashika bati kwa viganja vyote viwili, akafunga macho.

Mwenye kuomba msaragambo huenda mwenyewe kwa mwenyekiti, kwa miguu, anakaa, anakunywa chai, anasema shida yake. Mwenyekiti wetu ni Zebedayo, mtoto wa baba mdogo wa Tumainieli, kwa hiyo ni shemeji yangu. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, ukipiga mluzi anasikia. Tumainieli hakwenda. Alikaa kwenye kiti, akavaa miwani, akaandika kwenye grupu: Ndugu zangu, salaam. Jumamosi napaua nyumba ya mama. Karibuni. Chakula kipo.

"Watu arobaini na mmoja wamesoma," akaniambia jioni.

"Wamejibu nini?"

"Hawajajibu."

"Hata mmoja? Hata amina?"

"Wamekubali. Mtu akikataa si angesema?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alhamisi akapanda juu akaanza kuezua. Nani anaezua nyumba kabla watu hawajafika? Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na yeye yuko huko juu anang'oa, anatupa chini, bati za marehemu baba yake zinalia kwenye mawe. Ijumaa jioni nyumba ilikuwa kuta nne na anga. Mama Asteria tukamhamishia jikoni, kwenye kibanda cha nje, akalala karibu na mafiga na kifua chake kile. "Ni siku moja tu, mama," Tumainieli akamwambia. "Kesho jioni uko chumbani kwako."

Jumamosi niliamka mapema nikainjika makande ya watu arobaini. Sufuria niliazima kanisani. Saa mbili kimya. Saa tatu kimya. Saa tatu na nusu tukasikia hodi, nikashukuru Mungu. Alikuwa Zebedayo.

"Karibu, shemeji, karibu ukae."

"Asante, shemeji. Poleni na kazi." Hakukaa. Hakuwa na nyundo. Akatoa kwenye mfuko wa koti kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka kwenye benchi taratibu. "Nimeleta mchango wangu. Leo nina ng'ombe haendi vizuri."

Akaondoka. Tumainieli akakiinua kile kifurushi, akakipima kwa mkono. "Kilo," akasema, kama mtu aliyefurahi.

Akaja wa pili, naye na gazeti. Akasema mgongo unamuuma. Tumainieli akapima. "Kilo." Wa tatu anashuka Maore kuangalia mpunga wake. Kilo. Alipofika wa tano, mume wangu hakupima tena. Aliinamisha kichwa akabaki anatazama vidole vyake. Mpaka saa sita vilikuwa vifurushi ishirini na vitatu kwenye benchi, vimepangwa, na kila aliyeleta alikuwa na adabu, kila aliyeleta alisema pole na kazi. Wangetutukana ingekuwa nafuu.

Koleta, mke wa Zebedayo, alikuja wa mwisho. Koleta huyo tumebeba naye maji miaka thelathini, tukipokezana kata. Akanivuta pembeni. "Mwenzangu, mimi ningekuja, unanijua. Lakini wanaume wamekaa, wamesema. Ni mambo yao."

"Na maji niliyokuletea ulipopaua? Hayo nayo yalikuwa mambo yao?"

Akatazama chini. Akasema anawahi kupika. Nikamtazama akiteremka kuelekea kijitoni, na makande ya watu arobaini yanatokota nyuma yangu. Jikoni Mama Asteria akakohoa, halafu akaita, "Wamekuja?"

"Wanakuja, mama," nikasema. Nilimdanganya mtu wa miaka themanini na sita, na Mungu anisamehe, maana sikuwa na neno jingine mdomoni.

Jioni ile nilimwambia mume wangu, nimepiga magoti kabisa, mimi ambaye sipigi magoti ovyo: "Nenda kwa Zebedayo. Kaa. Sema nimekosa. Ni neno moja. Kesho watakuja wote."

"Nimekosa nini? Niliwapa misumari."

"Uliwapa misumari, walitaka mgongo wako."

"Misumari yangu ilikuwa mizuri kuliko migongo yao. Mimi nimeuza bati miaka ishirini na miwili, leo nishindwe kuzipigilia? Nitapaua mwenyewe nyumba ya mama yangu."

Mnajua wanavyotutania Wapare, kwamba tutauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Wengine hukasirika wakisikia. Mimi sikasiriki. Mimi nimeolewa na mwenye kuku.

Basi tukapaua, mwanamume wa miaka sitini na moja na mwanamke wa hamsini na saba. Yeye juu, mimi chini nashika ngazi, mimi chini nainua bati, mimi chini nasema angalia mguu. Fredrick yuko Arusha, akapiga simu kusema atakuja mwisho wa mwezi. Mtoto kafuata baba. Siku tatu zilikwisha kwenye papi tu. Mikono yangu ilichubuka, kiuno kikawaka moto, na kila saa nakimbilia jikoni kumpa mama maji, nakuta macho yamemvimba kwa moshi, anakohoa amejishika mbavu. "Bado?" ananiuliza. "Bado kidogo, mama."

Siku ya nne ilikuwa zamu ya bati. Na hapa nisikilizeni vizuri. Upepo wa huku kwetu unapanda kutoka tambarare, na ukipanda hauna mchezo. Mtu yeyote aliyewahi kupanda paa la mwenzake, hata mara moja, anajua unaanza kupanga bati kutoka upande wa mlimani, unarudi kuelekea tambarare, ili kila bati jipya lilalie lile la nyuma, na midomo ya bati iupe upepo kisogo. Haisomwi dukani hii. Inajulikana juu ya paa, unaambiwa na aliye jirani yako na nyundo. Tumainieli alianza upande wa tambarare. Kwa nini? Kwa sababu upande ule chini ni sawa na ngazi inasimama vizuri. Mimi sikujua. Wanawake tuko na maji na makande, nani aliwahi kutuambia habari za midomo ya bati?

Lakini Zebedayo alijua. Alipita njiani bati la tatu likipigiliwa, ana panga na kamba ya ng'ombe. Akasimama. Akatazama juu muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, namwona waziwazi: alifungua mdomo. Nikadhani atasalimia. Akaufunga, akatazama upande wa tambarare unakotoka upepo, akaenda zake. Na mimi, na hasira zangu, sikumwita. Shemeji, kuna nini? Ni maneno matatu tu. Sikuyasema, na hayo yananila mpaka leo.

La pili ni misumari. Tumainieli alikuwa na kilo nane zake mwenyewe, na hesabu ilimpiga chenga. Bati zilipofika nusu misumari ilikuwa inakwisha. Barazani kuna kilo ishirini na tatu! "Chukua hiyo," nikamwambia. Akasema heri ashike nyoka. Nikamwambia, shuka basi Same ununue. Akasema mawingu hayo, hakuna muda. Akafanya nini? Akaanza kuruka. Pale pa misumari mitatu anapiga mmoja. Nilimlilia. Nilichukua kifurushi kimoja nikampandishia kwa mkono wangu, akakirusha chini, gazeti likapasuka, misumari ikatapakaa kwenye majani. Niliiokota mmoja mmoja mpaka magoti yakafa ganzi, nikimtukana kwa Kigweno asichokijua.

Siku ya tisa akamaliza. Nisiwe mwongo, lilipendeza. Liling'aa mpaka kwa mbali. Tumbili wa jirani walikimbia. Tumainieli alishuka ngazi, akarudi nyuma hatua kumi, akasimama mikono kiunoni, na nilipomwangalia nilikuta analia. Na mimi nikalia. Tukambeba mama, yeye kichwani mimi miguuni, tukamrudisha chumbani kwake, tukamlaza. Akatazama juu.

"Umefanya mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Na watu?"

"Walileta misumari."

Mama Asteria hakuwa mjinga. Aligeuza uso ukutani. "Baba yako alipopaua," akasema, "walikuja watu sitini. Nilipika mpaka nikaungua mkono." Akaonyesha kovu. Halafu akalala usingizi mzuri, bila kukohoa. Alilala hivyo siku tano. Siku tano chumba kilikuwa kikavu, na Tumainieli akawa anatembea kitongojini kifua mbele, anapita makusudi mbele ya nyumba ya Zebedayo.

Siku ya sita, saa tisa mchana, upepo ukapanda. Kwanza niliona migomba inalala. Kisha nikasikia bati moja linapiga, kwa, kwa, kwa. Upepo uliingia mdomoni mwa lile la kwanza, ukalinyanyua, ukaingia la pili, la tatu, ukalifungua paa kama mtu anavyofunua kurasa za Biblia akitafuta sura. Na mvua nyuma yake. Nilipofika chumbani, mama alikuwa amekaa kitandani, nywele zimemlowa zimemganda usoni, mikono ameiweka juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, ni nini tena?"

Tukamrudisha jikoni. Muuguzi wa zahanati alipanda kuja kumchoma sindano siku nne, akasema ni nimonia, akasema tumshushe hospitali. Mama Asteria akashika nguzo ya jikoni kwa mkono wake wenye kovu, akakataa kuiachia. Mwanawe alikaa pale chini kwenye majivu. Alhamisi asubuhi nilikuwa nampa uji. Akameza kijiko kimoja. Cha pili kikatoka kwenye pembe ya mdomo. Alifia jikoni, kwenye moshi, nyumba yake iko hatua kumi na mbili.

Sasa sikieni.

Ijumaa, jua halijatoka sawasawa, nikasikia miguu. Nikachungulia. Walikuwa wanakuja, wanaume wa kitongoji kizima na wa kitongoji cha pili, ngazi mabegani, nyundo viunoni, kamba, misumeno. Maiti haiwezi kulala nyumba isiyo na paa, ni aibu ya ukoo, ni aibu ya kitongoji. Hakuna aliyeandika kwenye grupu, hakuna aliyeombwa. Wanawake nao, ndoo kichwani, mstari mrefu toka kijitoni, na Koleta mbele. Nilihesabu hamsini nikaacha.

Walipanda. Walivunja kazi yote ya Tumainieli, wakanyoosha bati zilizopinda, wakapigilia papi upya. Wakaja barazani wakachukua vifurushi vyao wenyewe, wakavifungua, wakapigilia misumari bila kuruka hata mahali pamoja; iliyobaki na iliyong'olewa nikaitia kwenye debe. Na nikamsikia Zebedayo kwa masikio yangu, yuko juu amepanua miguu, anaamuru: "Anzeni huku mlimani! Mdomo usiangalie tambarare!" Saa sita na nusu kofia ya paa ilikuwa imekaa. Siku tisa zetu zilikuwa kwao asubuhi moja.

Sikungoja ashuke vizuri. Nilimkuta mguu mmoja bado uko kwenye ngazi.

"Shemeji, siku ile ulisimama njiani. Uliona?"

Akaweka mguu wa pili chini. "Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ana utaalamu wake wa mjini."

"Zebedayo!"

Ni mara ya kwanza maishani kumwita jina lake kavu. Akafuta jasho na mkono wa shati. Akatazama pembeni. "Sikutaka kusema, shemeji," akasema. "Nilitaka ajue."

"Basi kajua," nikamwambia. "Na mama naye kajua."

Jeneza la Mama Asteria likalala usiku mmoja chumbani kwake. Mvua ilinyesha. Halikudondokewa na tone. Waombolezaji wakasema, angalau bibi ameondoka kwenye nyumba nzuri. Wakala makande, wakaimba, wakachimba, wakafukia, na mchungaji akasifu umoja wa kitongoji chetu. Tumainieli aliposhika koleo ili arushe udongo, Zebedayo alimshika bega, na wote wawili wakalia kama watoto. Basi. Kwao yalikwisha pale.

Tangu siku ile mume wangu hajakosa msaragambo. Anatangulia kufika. Ana nyundo mpya, ana mkanda wa kuitundikia. Wanamtania juu ya paa, wanamwita Fundi Tambarare, na yeye anacheka nao, anarudi jioni ana vumbi na furaha, ananisimulia nani alisema nini. Amesamehewa. Namwona ananenepa. Mimi nakaa kwenye kiti cha mama mlangoni, nachambua maharage peke yangu, na najiuliza: aliyebeba maji miaka yote bila kukosa, huyo alisamehewa nini? Na yeye nani alimwomba samahani?

Mwezi wa tatu Zebedayo akaandika kwenye grupu: Jumamosi kwangu, tunapaua jiko la Koleta, kila kaya itoe mtu. Ijumaa Koleta akanitumia ujumbe wa sauti yake kabisa, tamu: "Mwenzangu, usinitupe, njoo na ndoo yako."

Jumamosi asubuhi Tumainieli alikuwa tayari mlangoni, nyundo kiunoni. "Twende, Mama Fredrick. Ndoo yako iko wapi?"

Niliinama chini ya benchi. Kifurushi cha Zebedayo sikuwaachia wakifungue Ijumaa ile ya msiba. Nilikuwa nimekificha kwenye pipa la mahindi, na baada ya mazishi nikakirudisha pale chini, kwenye gazeti lake lilelile, limeanza kuwa la njano. Nikamwekea mkononi.

"Mpelekee Koleta. Mwambie poleni na kazi."

Akasimama. Mkono wake wenyewe ulipanda na kushuka kidogo, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ni kilo," akasema.

"Ni kilo," nikasema, nikarudi kwenye maharage yangu.